Uzi: Kupuliza laka kwenye gitaa nililochonga mwenyewe, juu ya paa la ploti Umoja

#1 Mkangazi_Umoja

Wandugu, leo saa nne asubuhi nimepuliza mkono (tabaka) wa mwisho wa laka, ile rangi angavu ya mbao, kwenye gitaa langu. Sasa linaning'inia kwa waya kwenye stoo ndogo iliyo chini ya ngazi, ambayo keateka (mtunza jengo) alinikubalia kwa mwezi mmoja, na sitaligusa kwa wiki nne. Wacha niandike yote nikiwa bado nayakumbuka, kwa sababu nilipoanza nilitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu kazi hii nikakosa kabisa.

Gitaa ni la umeme, umbo la Telecaster, mtindo wa kampuni ya magitaa ya Fender. Bodi ni mkangazi, vipande viwili vilivyoungwa kwa gundi katikati, unene milimita 45. Ubao niliupata sokoni Gikomba, hapa Nairobi, ulikuwa umekaa stoo ya muuza mbao muda mrefu ukakauka sawasawa. Shingo nilinunua iliyo tayari, ya mbao ya mepo, kwa sababu kupanga freti, vile vyuma vya kwenye shingo, bado najifunza.

Hii ni mara ya pili kulipaka. Mara ya kwanza ilikuwa Novemba, katikati ya mvua za vuli. Jumapili moja alasiri mvua ilikatika, nikaona mawingu yametulia, nikapanda paani na kompresa ya kuazima. Laka ilipotua iling'aa kama maji ya kisima. Dakika tano baadaye ikaanza kugeuka nyeupe, kama kioo cha dirisha ukikipumulia. Nikadhani itaondoka ikikauka. Haikuondoka. Na pembeni, karibu na mahali pa briji (nyuzi zinapofungiwa kwenye bodi), kukatokea vishimo vya mviringo, laka imekimbia imeacha mbao wazi. Mafundi huviita macho ya samaki.

Nimekuja kuelewa sababu zake baadaye. Thina, kile kimiminika cha kuyeyushia laka, ikiruka (ikigeuka mvuke) huondoka na joto, kwa hivyo uso wa mbao unapoa kuliko hewa iliyouzunguka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, unyevu huo unatua juu ya laka kama umande wa alfajiri na kunaswa humo ndani. Ule weupe ni maji. Macho ya samaki nayo yalitokana na kitambaa nilichofutia vumbi: kiliwahi kutumika kung'arisha kochi kwa polishi ya kopo, na polishi hizo nyingi zina silikoni. Tone dogo la silikoni linatosha kuifukuza laka.

Niliparua kila kitu kwa thina na msasa hadi mbao. Jioni saba. Nikaapa sitapuliza tena hadi Januari, na nimetimiza.

Safari hii nilianza na matundu ya mbao. Mkangazi una vinyweleo vilivyo wazi, ukiutazama kwa jicho la karibu ni kama umechomwa sindano kila mahali. Usipovijaza, laka inakaa juu vizuri siku ya kwanza, halafu kadiri inavyokauka inazama, na baada ya mwezi unaona mistari. Nilisugua fila, dawa ya kujazia matundu, kwa kadi ngumu nikikata nyuzi za mbao kwa mshazari, nikafuta, nikaacha usiku kucha, nikapiga msasa wa 220 kisha 320. Nikarudia tena. Mahali mbao ilipogongwa nikaweka kitambaa chenye maji na pasi ya moto juu yake. Mbao iliyobonyea huvimba ikarudi.

Nilitaka nyeupe. Baba yangu alipiga gitaa jeupe kwenye harusi nilipokuwa mdogo, na hiyo ndiyo picha niliyonayo ya gitaa. Nikaenda Grogan, duka la rangi za magari, nikasema nataka nyeupe ya Toyota, namba 040. Muuzaji hakuuliza swali la pili. Na ukifikiria, si jambo geni: Fender wenyewe, miaka ya 1950 na 1960, walichukua rangi zao nyingi kwenye makopo ya magari. Ile nyekundu yao maarufu, Fiesta Red, ilikuwa rangi ya Ford.

Kabla ya kugusa bodi nilijaribu kwenye kipande kilichobaki cha mbao ileile. Nashukuru nilifanya hivyo. Jioni kilikuwa cheupe, asubuhi kimekuwa na waridi hafifu. Mkangazi una rangi yake nyekundu, na thina inaivuta kutoka ndani hadi juu. Sila ya kawaida, rangi ya chini ya kuziba mbao, peke yake haikuizuia. Ikabidi nipake shelaki kwanza, utomvu wa asili, vipande vyake vikiyeyushwa kwa spiriti, mikono miwili myembamba, halafu sila mikono mitatu, halafu ndiyo nyeupe. Kipande cha majaribio kilikaa wiki nzima bila kugeuka, ndipo nikaamini.

Kupuliza kwenyewe ndiyo sehemu fupi. Bunduki ya kupulizia rangi, ya kikombe cha juu, ncha ya milimita 1.4. Laka na thina nusu kwa nusu. Umbali shubiri moja, karibu sentimita 20, na mkono unakwenda sambamba na mbao, haupindi kama anayepepea moto. Unaanza kubonyeza kabla hujafika kwenye bodi na kuachilia ukiwa umeshaipita. Kila mstari unafunika nusu ya ule uliotangulia. Pembeni kwanza, uso mwisho. Mikono miwili kwa siku, saa mbili katikati ya mmoja na mwingine, jumla mikono kumi.

Kwenye kishimo cha shingo nilikaza kipande cha mbao kwa skrubu kikawa mpini wa kulishikia, na kuta zake nikazifunika kwa tepu ya karatasi. Rangi ikijaa mle shingo haiingii, na ukiilazimisha bodi inapasuka pembeni.

Majirani nilizungumza nao mapema. Paa letu ndilo la kuanika nguo, na Jumamosi hakuna hata kamba moja tupu. Mimi nina zamu ya usiku, kwa hivyo nilipuliza siku za kazi, saa tatu hadi saa sita, kabla upepo wa mchana haujaanza kuleta vumbi. Na nilimwomba mama wa ghorofa ya juu asiwashe jiko la mkaa karibu na mlango wa paa wakati huo. Mvuke wa laka unashika moto upesi mno, na hauhitaji kuona mwali, cheche inatosha.

Swali langu kwa wanaojua: je, wiki nne zinatosha?

#2 LakaKariobangi

Hongera ndugu. Mimi napuliza fanicha, mwaka wa kumi na moja huu, na nimefurahi kuona mtu anazungumzia matundu ya mbao kabla ya rangi. Wateja wengi wanataka tuanze na kung'aa.

Niseme mambo matatu.

Ule weupe wa Novemba hukuhitaji kuuparua. Siku ya jua, unachukua thina nzito, ile inayochelewa kuruka (dukani omba ritada), unapuliza ukungu mwepesi tu juu ya laka iliyoganda. Laka hii haikauki kwa kugeuka kitu kingine, inakauka kwa thina kutoka. Ukiirudishia thina inalainika tena, maji yaliyonaswa yanapata njia. Mara nyingi weupe unaisha mbele ya macho yako. Lakini kwa macho ya samaki ulifanya vyema kuparua, silikoni haina huruma.

La pili, thina. Ile ya bei ya chini ya kwenye jerikeni ni ya kuoshea bunduki. Usichanganye nayo laka. Inaruka haraka sana, na kwa jua letu la Januari unapata uso uliokauka kabla ndani hakujakauka, halafu vipovu vinatoboka. Watu wanalaumu laka.

La tatu, kompresa. Kila asubuhi fungua kile kifunguo cha chini ya tangi, utashangaa maji yanayotoka. Hewa ya Nairobi wakati wa mvua ikibanwa inatoa maji kikombe kizima. Bila chujio la maji kwenye mpira, yanatoka na rangi.

Wiki nne zinatosha kama ulipuliza mikono myembamba. Kuna kipimo rahisi: sogeza pua hadi karibu iguse laka. Ukisikia thina, haijakauka. Usisikilize kalenda, sikiliza pua.

#3 FundiMatatu

Kazi safi mkuu, lakini nina neno. Napaka matatu, michoro na kilia (rangi angavu ya juu ya gari). Nyeupe ya 040 chini ya laka ya mbao itageuka. Laka hiyo huwa ya manjano kadiri inavyokaa kwenye mwanga. Baada ya miaka kadhaa gitaa lako litakuwa rangi ya siagi. Ungeweka kilia ya 2K, ile inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha. Inakauka kwa siku mbili, ni ngumu, haigeuki, unaosha na maji ya sabuni, petroli ikimwagika haishiki. Wiki nne za nini?

#4 Mkangazi_Umoja

@LakaKariobangi asante sana fundi. Hiyo ya ritada ningeijua ningeokoa wiki nzima.

@FundiMatatu nakubaliana nawe kwamba itageuka. Magitaa meupe ya Fender ya miaka ya 1960 leo mengi ni ya rangi ya siagi kwa sababu hiyohiyo, laka ya juu imekuwa manjano, na watu wanalipa zaidi kwa rangi hiyo. La kwangu likigeuka polepole nikiwa nalipiga, nitafurahi.

Lakini sababu kubwa ya kukataa 2K ni nyingine. Hadena yake ina isosianati. Mimi nina barakoa ya vichujio vya mkaa tu, na nilisoma kwamba hiyo sumu haina harufu ya kukuonya kichujio kikichoka. Na nilikuwa nikipuliza paani, watoto wa ploti wanapanda kucheza mchana. Singeweza.

#5 FundiMatatu

Hapo umenigusa, na wacha niliseme wazi kwa sababu kuna vijana wanasoma.

Nilianza kazi nikiwa na kitambaa tu usoni, kama wengi. Mwaka wa tatu kifua kilianza kunibana jioni, nikidhani ni vumbi. Baadaye ikawa nikifungua tu kopo la hadena, hata bila kupuliza, pumzi inakatika. Daktari aliniambia mwili umeshaizoea vibaya, na hautasahau. Kidogo tu kinatosha kuamsha pumu. Sasa nina barakoa inayoletewa hewa kwa mpira kutoka nje ya chumba, na kijana wangu wa kazi anayo yake.

Kwa hivyo naondoa ushauri wangu. Mtu wa nyumbani asipulize 2K paani wala sebuleni. Ukiitaka, chonga bodi yako, ijaze, ipige sila, halafu mletee mtu mwenye chumba na hewa. Gitaa ni dogo, tunalipuliza pamoja na mlango wa gari mtu akisubiri.

#6 DadaBesi

Habari zenu. Nacheza besi kanisani, na nina maswali mawili.

Kwanza, shingo. Ya kwangu ni ya mepo, imepakwa nene hadi kidole gumba kinanata nikitoka jasho. Kaka, wewe shingo yako umeipulizaje?

Pili, nasikia rangi nene inaua sauti. Ni kweli kwa gitaa la umeme?

#7 Mkangazi_Umoja

Dada, shingo nimeipa mikono minne tu ya laka, myembamba. Uso wenye freti ni wa mbao nyeusi, nikaufunika kwa tepu; mbao nzito za aina hiyo hazihitaji laka. Wenye uso wa freti wa mepo ndio hupuliza hadi juu, kwa sababu mepo tupu inachafuka upesi kwa vidole.

Kunata kunatibika bila kupaka upya. Chukua msasa wa maji wa 1000, au sufi ya chuma iliyo laini kabisa, sugua nyuma ya shingo kwa urefu hadi mng'ao upotee. Funika pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) kwa tepu kwanza kama unatumia sufi ya chuma, kwa sababu sumaku zitavuta vumbi la chuma na halitoki. Ukimaliza, mkono utateleza.

Kuhusu sauti, nitasema ninavyoamini: kwenye gitaa la umeme pikapu inasikia uzi wa chuma ukitikisika. Unene wa rangi wa nusu milimita siwezi kusema nausikia. Nilitaka iwe nyembamba kwa sababu nyingine: nene inameguka ukigonga, inajaza kishimo cha shingo, na mkono unahisi plastiki badala ya mbao.

#8 MzeeWaBenga

Vijana, nimeusoma uzi huu wote kwa miwani. Mimi nilipiga gitaa la solo miaka mingi, bendi ndogo, za kumbi na za harusi, wakati ambao kila mpigaji solo alitaka kusikika kama bendi ya benga ya Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Gitaa langu lilikuwa jekundu. Ninalo bado.

Mahali mkono wa kulia unapoegemea, rangi imekwisha, mbao inaonekana, na jasho limeifanya nyeusi. Kote kwingine imepasuka mistari midogo kama udongo wa mto uliokauka. Siku zile gitaa likichakaa tulilipaka rangi ya mlango, kwa brashi, usiku likapigwa. La kwangu sikulipaka. Mjukuu wangu anataka tulipulize upya liwe kama jipya. Mnanishauri vipi?

#9 LakaKariobangi

Heshima zako mzee.

Usilipulize. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye ningelipwa kulipuliza. Kwanza hatujui ni laka gani iko juu, na ukiweka thina kali juu ya rangi isiyoipenda inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Pili, hiyo alama ya mkono wako huwezi kuirudisha ukishaiparua. Mwambie mjukuu alifute kwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji kidogo, akaushe, abadilishe nyuzi, asafishe swichi na matundu ya waya. Kama mbao iliyo wazi inakusumbua kwa jasho, mkono mmoja wa shelaki kwa kitambaa, hapo tu.

#10 MzeeWaBenga

Nimeshukuru mwanangu. Nitamwonyesha maneno haya.

#11 MpyaHapa

Samahani wakubwa, mimi sina kompresa wala mtu wa kuniazima. Makopo ya kupuliza ya dukani yanafaa? Na nikitumia kopo la rangi ya enameli halafu nimalizie na laka ya mbao?

#12 LakaKariobangi

Makopo yanafaa, magitaa mengi ya nyumbani yamepakwa hivyo. Nunua ya kutosha siku moja, ya aina moja. Kopo moja halipeleki mbali kwenye gitaa. Asubuhi ya baridi weka kopo kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi. Ya vuguvugu, si ya moto, kopo linaweza kupasuka. Rangi inatoka laini zaidi. Ncha ikianza kutema matone, igeuze kopo chini-juu ubonyeze hadi itoke hewa tu, ufute.

Laka juu ya enameli, hapana. Thina ya laka inaila enameli, uso wote unakunjamana. Kinyume chake inawezekana, enameli juu ya laka iliyokauka, lakini ya nini? Kaa kwenye familia moja kuanzia chini hadi juu, na kila badiliko lijaribu kwenye kipande cha mbao kama alivyofanya mwenye uzi.

#13 FundiMatatu

Naongeza kwa huyu kijana: rangi ikitiririka, usiiguse kwa kidole. Najua mkono utataka. Iache. Kesho yake, au keshokutwa, unalikwangua lile chozi kwa wembe uliouzungushia tepu pande zote mbili ukaacha kati tupu, halafu msasa wa 600 kwenye kibao. Chozi lililokauka ni kazi ya dakika tano. Lililobonyezwa bichi ni kazi ya siku mbili.

#14 Mkangazi_Umoja

Nimerudi. Wiki nne na siku mbili zimepita. Niliweka pua, harufu imekwisha.

Nimesugua jana na leo. Msasa wa maji, niliuloweka usiku mzima kwenye ndoo yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Nilianza na 1000, nikaenda 1500, nikamaliza na 2000, kila mara kwenye kibao cha raba, si kwa vidole, kwa sababu vidole vinachimba mifereji. Laka inapokuwa na vilele na mabonde kama ganda la chungwa, ukianza kusugua utaona vilele vimekuwa vyeupe visivyong'aa na mabonde bado yanang'aa kama nyota. Unaendelea hadi nyota ziishe, na hapo unaacha papo hapo. Nilikuwa nikifuta kila baada ya kusugua mara kumi kuangalia.

Mambo mawili yalitokea na nataka yaandikwe.

Moja: kwenye pembe ya juu, pale panapopinda, nilipita. Ghafla nikaona kijivu cha sila. Pembeni laka hukaa nyembamba kuliko kwenye uso, na msasa unabonyeza zaidi pale kwa sababu eneo ni dogo. Bahati nilibakisha nyeupe kidogo kwenye chupa. Nimeigusa kwa brashi ya kuchorea, na sasa nasubiri niweke laka juu yake.

Mbili, na hili ndilo lililoniuma: maji. Matundu ya skrubu nilikuwa nimeshayatoboa kabla ya kupaka. Yote niliyapaka laka ndani kwa kijiti isipokuwa moja, la kitufe cha mkanda, nililisahau. Maji ya msasa yakaingia, mbao ikavimba kuzunguka tundu, na laka ikanyanyuka kama pete ndogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Nililiona likinyanyuka mbele ya macho yangu. Nimeliacha likauke tangu jana. Limeshuka kiasi, lakini ufa mwembamba umebaki.

#15 LakaKariobangi

Ndugu, huo ufa unajazika. Chukua laka bila thina nyingi, kama asali nyepesi, dondosha tone kwa kijiti cha meno, liache lisimame juu ya uso kama kichuguu. Subiri siku. Litazama. Dondosha jingine. Mara tatu au nne, hadi libaki juu kidogo hata baada ya kukauka. Acha wiki. Kisha wembe wenye tepu aliousema FundiMatatu, 1000, 1500, 2000. Laka mpya inayeyukia ndani ya ya zamani, hutaona mpaka. Ndiyo faida ya laka hii ambayo 2K haina, kule ukiweka tone jipya unaona duara lake milele. Pembe yako fanya vivyo hivyo.

Na kama hutaki maji tena karibu na matundu, tepu ndogo juu ya kila tundu.

#16 DadaBesi

Nimesugua shingo ya besi kwa msasa wa 1000 kama ulivyosema kaka. Jumapili nimecheza ibada mbili mfululizo, mkono haukunata hata mara moja. Mungu akubariki.

#17 Mkangazi_Umoja

Wandugu, limekwisha.

Ufa umejazwa, pembe imerudi. Kompaundi ya kung'arisha nilipaka kwa mkono, kitambaa cha pamba, kwanza ile ya kukwaruza kidogo kisha ile laini. Mashine ya kung'arisha niliiogopa, moto wake unaweza kulainisha laka na kuikata pembeni, na mkono wangu unajua nguvu zake. Ilichukua jioni tatu za zamu zangu za mapumziko. Jana usiku nilishika bodi chini ya balbu nikaona uzi wa balbu ndani yake, umenyooka, haujapinda.

Kufunga vifaa: kabla ya kuingiza skrubu kwenye laka, niligeuza drili irudi nyuma nikagusa tundu kwa ncha pana, ili kukata laka mviringo kabla skrubu haijaisukuma. Ukiingiza moja kwa moja, laka inameguka kama ganda la yai. Skrubu nilizisugua kwenye kipande cha sabuni. Tepu ya kishimo cha shingo ilipotoka, shingo iliingia ikakaa kwa kubana kidogo, ukiinua gitaa zima kwa shingo kabla ya skrubu haliachi.

Onyo la mwisho kwa walio na laka kama hii: msiegemeze gitaa kwenye stendi yenye raba au sponji ya plastiki. Vitu hivyo vina mafuta ya kulainishia plastiki ambayo yanaingia kwenye laka na kuila, unaweza kukuta alama ya stendi imezama. Mimi nimevisha stendi yangu kitambaa cha pamba.

Nimelipiga leo asubuhi, kwa sauti ya chini kwa sababu jirani ana mtoto mchanga. Baba yupo nyumbani, anakuja Nairobi mwisho wa mwezi. Sijamwambia rangi yake.

@MzeeWaBenga, ikiwa utaniruhusu, ningependa kulileta ulishike siku moja, na nilione lile jekundu.

#18 MzeeWaBenga

Lilete Jumamosi, mwanangu. Mjukuu amelifuta kwa pamba na kulifunga nyuzi mpya. Rangi hatujaigusa. Mje pamoja na baba yako akiwa amefika.